Mshororo wa Nne

Bitegeko ndiye aliyesema mvua haitanyesha.
Alilisema stendi ya Manyovu, kitumbua mdomoni,
akiikagua mbingu kama fundi aliyeiezeka mwenyewe.
Tukamwamini, maana ndiye aliyebeba sufuria.

Tukapanda. Tukaipita migomba, tukaipita mibuni,
tukampita mtoto na mbuzi wake watatu
aliyetuuliza tumepoteza nini huko juu.
"Tunakwenda kulala tu," Jenerosa akajibu.
Mtoto akacheka mpaka kamba ikamponyoka.

Ilitukuta mgongoni mwa mlima, saa kumi na moja jioni.
Kwanza upepo wa chinichini, ukilaza nyasi upande mmoja.
Halafu mawe, punje kama mahindi ya mbegu.
Kisha maji yenyewe,
yakiingilia kwenye kola, yakitokea kwenye viatu.

Hema la Jenerosa, la kukodi Kigoma mjini,
lilisimama dakika sita. Nilizihesabu.
Kijiti kikavunjika kwa mlio wa mfupa wa kuku
na lote likanyanyuka, likajaa, likaondoka na bonde.
Tukabaki tumelitolea macho
kama abiria walioshuka kununua ndizi.

Wilondja hakulitazama.
Alikwisha kufungua mzigo wake, ule tuliomcheka njia nzima:
turubai jeupe, limekunjwa mara nane,
herufi zake za buluu zimefifia hazisomeki.
Ncha moja mtini, ya pili kwenye jiwe.
Akamgeukia Bitegeko: "Chimba."
"Kwa sufuria?"
"Mfereji. Upande wa juu. Maji ukiyaonyesha njia yanapita,
usipoyaonyesha yanaomba kulala nawe."

Miaka kumi na tisa alilala Nyarugusu
chini ya kitu kama kile.
Kasulu, tulipofahamiana, alitusimulia habari za mpira,
za mwalimu wa Kifaransa mwenye kigugumizi,
za foleni ya unga na mwanamke aliyeimba ndani yake.
Mvua hakuwahi kuitaja.
Nasi hatukuwahi kuuliza.

Watu wanne, magoti manane, kiberiti kimelowa.
Tulikula migebuka mikavu kwa ugali wa muhogo wa asubuhi.
Jenerosa akasema tusilale na nguo mbichi,
tutunge shairi, kila mtu mshororo.
Akaanza yeye, meno yakigongana:

*Mvua ya Manyovu kali, haijui neno hodi,*

Bitegeko akadakia, kucha zimejaa udongo:

*Hema letu liko mbali, limevuka bila kodi,*

Nami, kwa kuwa njaa haijifichi:

*Tumetafuna ugali, umeganda kwa baridi,*

Wa nne ulikuwa wa Wilondja.
Tukasubiri. Turubai likapigwa, likapigwa.
Alikuwa amelala, kichwa upande usiovuja.
Ni yeye peke yake aliyejua ni upande upi.

Asubuhi, ukungu.
Tulikuwa tumepanda kuliona ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo.
Hatukuona hata viatu vyetu vizuri.
Wilondja akanyoosha kidole kwenye weupe ule:
"Kule. Fizi."
"Umewahi kufika?"
"Mama alitoka huko mimba yangu ikiwa na miezi minne."
Akaling'uta turubai, akalikunja mara nane.
Nilishika ncha nimsaidie; akaichukua polepole mkononi mwangu.

Kuteremka ni kuteleza. Bitegeko alianguka mara tatu
na mara zote sufuria ndiyo iliyolia.
Pale kwenye mibuni tulimkuta mtoto wa jana.
"Mmekipata?"
"Tumepoteza hema," Jenerosa akasema.

Akatupeleka nyuma ya nyumba.
Hema lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mgomba,
limepinda, limeshonwa na miiba,
na ndani yake mbuzi watatu, wakavu, wakitafuna,
wakitutazama kama wageni wasio na taarifa.

Jenerosa alifungua mdomo, akaufunga.
Wilondja akachuchumaa mbele ya mtoto.
"Mfereji umechimba?"

Mtoto akazunguka upande wa juu, akatuonyesha.