Futi Kamba

Sheria ndogo ilipita mwezi wa tano,
baada ya mtoto wa Foibe Mwalongo kung'atwa paja
njiani kwenda shule, Njombe hii hii,
na nauli za kufuata sindano zikala viazi vyote vya mbegu.
Kwa hiyo mimi sikuicheka.

*Mbwa afungwe tangu alfajiri hadi saa nne usiku.
Kamba isipungue mita tatu.
Kivuli kiwepo. Maji yawepo.
Faini, elfu hamsini.*
Mtendaji aliisoma kama anayesoma salamu za rambirambi,
akakunja karatasi, akanitazama mimi mgambo:
"Mligo, utapima."

Nipime kwa nini? Ofisi haina hata rula.
Nikaazima futi kamba ya mke wangu, fundi cherehani,
ya njano, mita moja na nusu, namba zimefifia
kwa kuzunguka viuno vya maharusi.
"Isirudi inanuka mbwa," akasema Oresta.

Nyumba ya kwanza, katani, mita tatu na kiganja. Sawa.
Ya pili, mbwa hayupo, kaenda kwa mjomba,
ila nyuma ya choo mjomba anabweka.
Ya tatu, bibi kamfunga wake kwa vitenge vilivyoungwa;
mnyororo, anasema, ni matusi.
Sheria haikutaja kitenge. Sawa.

Kwa Wendelini Lulandala nilifika saa kumi na mbili na nusu,
Julai, sakitu imebabua vinyungu vyote bondeni.
Mbwa wake anaitwa Semeni,
jina la kuitwa kwa sauti, majirani wasikie.
"Usiku humfungui?"
"Saa yangu imekufa. Nitajuaje kama ni nne?
Elfu hamsini sina."
Akaleta risiti ya mnyororo: mita tatu kamili.

Na kweli zilikuwepo, mita zote tatu,
zimejiviringa kwenye mparachichi mchanga
hadi shavu la Semeni limegusa gome.
Maji yalikuwepo, hatua mbili kutoka ulimi wake,
yameganda juu kama uji uliosahauliwa.
Kivuli kilikuwepo. Julai. Njombe.
Nani aliyekililia?

Nikamshika ukosini, tukazunguka kinyume,
mara kumi na moja, mimi na yeye,
kama watu waliodondosha sarafu.
Chini nyasi zilikwisha zamani,
udongo umelainika kama sakafu iliyosiribwa.
Kwenye mzunguko wa sita hivi nilikumbuka
kwamba mimi huogopa mbwa.

Daftari lina safu mbili, SAWA na FAINI.
Kalamu iligoma kwa baridi. Nikaipulizia.
Nikaandika sawa.

Oresta ameinusa futi yake, akaifua kwa sabuni ya mche,
sasa kuanzia sitini hadi themanini hakuna namba,
anakisia.

Ijumaa kuna kikao. Nataka kunyoosha mkono
na sijui nitaanzia wapi.
Kwamba urefu nao unaweza kuisha ukiwa mzima?
Watasema Mligo amelewa ulanzi asubuhi.

Kwa sasa, nikienda ofisini, napitia kwa Wendelini.
Juzi kumi na moja. Jana kumi.
Leo zilikuwa nane tu, na Semeni aliponiona
akaanza kuzunguka mwenyewe, mkia juu, kwa furaha,
upande ule ule mbaya,
zikawa tisa.