Nanga ya Kumi na Moja

Newala, saa nne asubuhi, ukingoni mwa mteremko.
Somoe Chilumba amepiga goti kwenye udongo mwekundu,
miwani vumbi tupu, jicho kwenye saa ya kupimia.
Nandonde yuko kwenye jeki. Mimi nina daftari.

Mita tisa za nondo zimelala humo ndani,
saruji imekauka siku saba.
Leo tunaivuta, tuone.

"Tani tano."
Mshale unatikisika, unatulia. Milimita mbili.
"Tani kumi." Nne na nusu.

Nilidhani chuma ndicho kinachoshika.
Somoe akacheka. Chuma kinapeleka salamu tu.
Mchanga wa karibu huzipokea kwanza,
hujikaza, hubeba unachoweza,
ukielemewa humsukumia jirani wa ndani,
naye wa ndani zaidi,
mpaka mzigo ufike kwa punje
zisizojua jembe wala mvua.
Na punje zikivutwa hutaka kupandana migongo.
Nafasi hakuna.
Husukumana, na huko kusukumana ndiko kushika.

Mwaka wa njaa, bibi alinipeleka porini kuchimba ming'oko.
Mimi na haraka zangu niliukamata ubugu kwa mikono miwili,
nikavuta.
Nikaanguka chali, ubugu mkononi,
mng'oko uko kwake, haukung'oka.
Bibi hakunikemea.
"Huko chini kuna wenyewe," alisema,
"na hodi yao ni jembe."

"Tani kumi na nane."
Tisa. Mshale hautulii.
Dakika tano: kumi.
Dakika kumi: kumi na moja na nusu.
Unatambaa kama mtu anayetoka msibani bila kuaga.
Nandonde anamtazama Somoe.
Barabarani, chini yetu, lori la korosho linapanda kwa gia ya kwanza,
na chini ya barabara kuna nyumba tatu za bati,
moja imeanika mashuka.

"Andika unavyotambaa," Somoe anasema. "Usiupambe."

Kumi na mbili. Kumi na mbili na robo.

"Hii haifiki masika. Achia."

Jeki inapumua. Mshale unarudi,
unarudi,
unasimama kwenye sita.
Hizo sita nimeziandika peke yake, mstari wa chini:
udongo umesogea, na hausogei tena kurudi.

Nandonde anachora msalaba wa chaki kwenye kichwa cha nondo.
Kesho tunatoboa pembeni, mita kumi na mbili.
Somoe bado amepiga goti,
kiganja juu ya ardhi,
kama anayepima homa ya mtoto wa mtu mwingine.