Ncha ya Pili ya Kamba

Walipokuja na michoro yao
ukungu wa Lima ulikuwa umetukalia kama blanketi bichi,
na mlima wetu haukuwamo kwenye ramani:
pale tulipolala, karatasi ya manispaa ilionyesha mchanga mtupu.

Mchoro ulikuwa mzuri, sikatai.
Ngazi nyoofu toka barabarani hadi tangi la maji,
vidato mia mbili na kumi na sita, pumzi moja,
na vijiti vya kijani kandokando
bila wa kuvimwagilia.

Doña Eulogia Ccori hakukaa kitini.
Alitua ndoo zake mbili, akauliza:
"Aliyechora hii, amewahi kubeba nini?"
Anahí, msanifu kijana, akafunga kalamu.
"Begi," akajibu.
Tulicheka, naye akacheka.
Nadhani kazi ilianzia hapo.

Kesho yake alfajiri alipewa ndoo.
Mimi, wa miaka tisa, nilishika ncha ya pili ya kamba.
Kila Eulogia aliposimama kuhema, tuligonga kigingi.
Kila Anahí alipomwagikiwa, tulipaka chokaa.
Penye mbwa wa Teófilo tulizunguka.
Tulipofika juu, mstari ulikuwa umepindapinda
kama mwandiko wa mtu
anayejifunza kuandika jina lake ukubwani.

Jumapili kumi na moja za saruji.
Wanaume walibishana;
wanawake walibishana zaidi, huku wamebeba mawe.
Mjane wa fundi matairi alitoa matairi yote ya marehemu,
tukayashindilia mchanga, yakawa kingo.
Fedha ya vyuma vya kushikilia
ilitoka kwenye kuku wa kukaanga, sahani kwa sahani.
Taa ya tatu haikuwaka siku ya uzinduzi.
Haiwaki hadi leo. Manispaa wanaijua vizuri.

Sasa nina magoti ya mtu mzima.
Napanda na mtungi wa gesi begani,
na pale hasa mapafu yanapodai haki yao
pana kibao cha saruji, upana wa ndoo mbili
na makalio ya mwanamke mnene mmoja.
Nakaa.

Eulogia tulimshusha kwa ngazi hii hii, mwezi wa Julai,
wabebaji sita, viatu vimelowa.
Hakuna aliyetoa amri,
lakini tulilitua jeneza mara tano,
kwenye vibao vyake vyote vitano.
Ncha yake ilizidi kidogo, ikaning'inia hewani,
nami nikaishika.