Kumi ya Kuazima

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, Plovdiv,
theluji imelala juu ya mabati ya kituo cha mvuke
na mfumo wetu unakata kauli.
Haufi. Laiti ungekufa, tungeuzika twende nyumbani.
Unasimama tu, mdomo wazi,
kama mtu aliyesahau neno katikati ya hotuba.

Simu inalia. Ni Bibi Tsvetana, ghorofa ya saba:
"Binti, vali yangu imefungwa tangu jana.
Nimelipa, risiti ninayo, nimelala na koti."
Tunashughulikia, namwambia.
Neno hilo nimelivaa mpaka limetoboka viwiko.

Kwenye skrini mistari mia mbili, myekundu,
yote yanena mamoja:
nimengoja sekunde thelathini, sikupewa muunganisho.

Tuna kumi. Ndiyo yote tuliyo nayo,
miunganisho kumi ya kwenda kwenye kanzidata na kurudi.
Azima, uliza, rudisha.
Asiyerudisha hatukanwi na mtu;
wenzake ndio wanaoota mizizi kwenye foleni.

Nilianza na mkalimani.
Maana Java husema vitu, vitu vyenye ukoo:
mteja ana nyumba, nyumba ina mita, mita ina masomo yake.
Kanzidata haijui ukoo, inajua majedwali,
namba ya huyu imeandikwa ubavuni mwa yule, basi.
Kati yao tulimweka mkalimani,
mvivu kwa makusudi, haleti mita mpaka uzitaje.
Nikamwita mteja, akaja. Nikamuuliza mita zake.
"Kikao kimefungwa," akanijibu,
"ungeuliza mlango ungali wazi."
Nikarekebisha. Halikuwa hilo.
Nikamkuta tena anaenda safari elfu moja na moja
kwa jambo la safari moja,
kama mtoto aliyetumwa chumvi akaileta punje kwa punje.
Nikamfunza kubeba kapu.
Kesho yake, saa tisa na arobaini: mdomo wazi.

Usiku nikatega kengele ya wadeni.
Atakayekaa na muunganisho zaidi ya dakika mbili
ataje jina lake na mahali alipouchukulia.
Nikala mkate na jibini, nikangoja.
Saa nane kasoro robo, ikalia.

Kazi ndogo, mistari ishirini, ya kusoma mita za jengo.
Inaazima, inasoma vizuri, inarudisha,
ila ikikuta mita isiyo na namba ya nyumba
inarukia dirisha la kosa
na muunganisho mkononi.
Na mwezi huu wamefungua mtaa mpya,
nyumba hazijapewa namba.
Mita kumi tu za namna hiyo, na mji mzima unavaa koti.

Nikamlaani Lyuben. Nani mwingine?
Alihamia Varna akatuachia msimbo unaonuka sigara.
Nilikuwa nimefika nusu ya barua ya kumsuta
ndipo nikafungua historia ya faili:
Z. Kaneva. Tarehe kumi na moja Machi, miaka saba nyuma.

Mimi.

Yoana alikuwa na siku tisa duniani,
nilikuwa nachapa kwa mkono mmoja.
Na juu ya mstari wenyewe, ahadi yangu:
kurudisha, nitakuja kumalizia.
Nyani, jamani. Na kundu lote hili.

Nikaongeza mistari miwili.
Ufaulu, ushindwe, uanguke kifudifudi,
rudisha kwanza, ndipo ulie.
Barua ya Lyuben nikaifuta, isipokuwa salamu;
salamu nikamtumia.

Siku ya pili saa tisa na arobaini ikapita
kama dakika yoyote isiyo na jina.
Nikahesabu: kumi. Nikahesabu tena.
Bibi Tsvetana hakupiga.
Sikujua kama ni joto au amechoka kunisikia,
nikampigia mimi. Iliita mara nane.
"Ngoja," akasema, "ngoja nifungue dirisha,
humu ndani mmenipika."