Bakuli la Kumi na Mbili

Saa kumi alfajiri, Mwanga hakujakohoa mtu,
nami nimeshapuliza mkaa, nimetwanga sombe,
mawese yanaanza kunena chunguni.
Migebuka sita ya Kibirizi:
muuzaji aliniapia kwa mamaye ni ya leo.
Ni ya jana. Nimeikaanga,
pilipili nimeiweka wakili.

Biashara yangu ni simu yenye kioo kilichopasuka,
na Ruhuza mwenye pikipiki,
na mabakuli kumi na mawili yenye mifuniko,
niliyonunua zamu yangu ya upatu ilipofika.

Sista Lusubilo wa wodi ya wazazi anataka ugali wa muhogo,
"usiwe tofali kama wa juzi."
Karani wa stesheni hulipa treni ikifika,
na treni tunajuana nayo.
Fundi cherehani leo ana presha, nisitie chumvi;
kesho atauliza mbona chakula kimenuna.
Wote nawaambia ndiyo.
Ndiyo haili mkaa.

Jioni Ruhuza anarudi, nahesabu.
Hili lina mifupa.
Hili limeoshwa, Mungu amzidishie.
Hili lina ndimu tatu na kikaratasi: pesa Jumatatu.
Kumi na moja.
Kila siku kumi na moja,
tangu Kalonda muuza vitenge
apande meli ya Kalemie na sombe yangu mapajani.
Chakula alilipa. Bakuli hakulitaja.

Mume wangu anasema, lifute.
Sikulifuta. Nimeandika daftarini:
bakuli moja, lipo Kongo.

Juzi simu ikalia, namba ndefu,
sauti inakatika kama ya mtu anayetafuna:
"Mama Sombe? Bakuli lako lipo, zima.
Mke wangu anauliza ulitia nini."
Nikamwambia, lirudishe, nitakwambia.
Akacheka, cheko refu,
mpaka salio lake likaisha.

Basi mteja wa kumi na mbili
nampakulia kwenye sahani ya nyumbani,
ile ya maua ya samawati niliyoolewa nayo.
Naifunika kwa pacha wake, nafunga kanga fundo mbili.
Ruhuza, taratibu,
ule mteremko wa kushukia stesheni una mashimo,
na hiyo siyo plastiki.

Usiku, wakishashiba wote,
nakwangua ukoko,
nakaa kizingitini,
nakula kwenye mfuniko.