Inchi Moja na Robo

Fremu ya mlango wangu ni mpaini,
mpaini mbichi uliokuja kukaukia ukutani.
Nilijua hilo kabla sijanunua
kile chuma cha kubana, pale Majengo,
elfu thelathini na tano baada ya kuvutana,
chenye raba mbili nchani kama kandambili za mtoto.
Muuzaji akauliza, "Ni cha kijana wako?"
Nikasema ndiyo.
Sina kijana.

Kilishika siku tatu.
Ya nne, nimekunja magoti hewani,
fremu ikasema kha!
nami nikakaa chini kabla sijaamua kukaa.
Kuku wa jirani wakanyamaza.

Basi nikaanza kuchagua kama mtu anayetafuta mchumba.

Cha ukutani kinataka bolti nne.
Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
vumbi jekundu likanishukia kwenye kucha.
Mama Mbeleje, mwenye nyumba, akatoa kichwa dirishani:
"Drili? Kwenye ukuta wangu?
Tofali hilo lilifyatuliwa mwaka wa ukame,
saruji ilionjeshwa tu."

Cha kusimama chenyewe nilikikuta Kisasa,
bei ya mbuzi sita,
mlingoti usio na bendera.
Nikakigusa kwa kidole. Kikayumba.
"Kwa kidole hivi," nikamwambia kijana wa duka,
"kwa kilo themanini na moja je?"
Akatazama barabarani, kwa adabu.

Ofisini Ndahani akauliza natafuta nini hasa,
mbona mchana kutwa napima milango ya masijala kwa rula.
Ningemwambia habari ya bega:
miaka ishirini na miwili ya kupandisha majalada rafu ya juu
imelivuta mpaka jirani na sikio,
kama linasikiliza umbea;
na daktari kaniambia, ning'inia, mama,
dakika moja kila asubuhi, uzito wako ukunyooshe.
Sikusema.
Nikasema, "Bomba."

Jumamosi nikaenda Mpunguzi, shambani kwetu.
Mizabibu ya baba imebaki mistari minne,
kaka yangu Yoeli anaikatia matawi akipiga mluzi.
Nyuma ya kibanda, mabomba ya kisima kilichokauka
yamelala kwenye upupu na kutu.
La inchi mbili: viganja vyangu havikufunga,
kama kumshika mkono mtu asiyekutaka.
Jembamba la nusu inchi: likapinda gotini kwa Yoeli.
La tatu nikalishika,
dole gumba likazunguka, likakutana na la kati,
vikasalimiana.
Nikaweka tepu: inchi moja na robo.
"Hili lilileta maji," Yoeli akasema.
"Wiki mbili," nikamjibu.
Tukacheka mpaka akaangusha mkasi.

Fundi Chibago wa Chang'ombe akalisugua,
akalichomelea kwenye nguzo mbili,
akanitazama mimi, akatazama nguzo,
akaongeza chuma cha mshazari pasipo kuulizwa.
Sikumlaumu.
Uani, chini ya futi moja na nusu,
ardhi ni ngumu kama deni;
tulimwagia maji usiku kucha ndipo sululu ikaingia.
Mama Mbeleje akakubali kwa sharti moja:
nusu yake ya bomba ni ya kuanikia.

Sasa ni Julai. Upepo wa alfajiri unachoma masikio,
chuma kinauma viganja kama barafu ya buchani.
Naning'inia.
Moja, mbili, tano, kumi na moja,
bega linashuka polepole kutoka sikioni, linaaga umbea.
Kidevu changu hakijawahi kulifikia bomba,
na sijui kama kitafika.
Vidole vya miguu vinachora mavumbini
mistari ambayo kuku wanaijia, wakidhani ni kitu.

Kumi na tisa.
"Sogea kidogo," anasema Mama Mbeleje,
ana blanketi bichi begani, linachuruzika.
Nasogea, mkono baada ya mkono,
bila kugusa chini.
Hilo sikujua kama naliweza.