Isipokuwa Tatu

Kutaisi, Januari, umeme haupo tangu Jumatatu.
Jiko la mafuta ya taa linakohoa katikati ya darasa,
sisi kumi na tisa tumekaa na makoti yetu.
Mwalimu Lamara, glavu zake zimekatwa ncha,
anaandika kwa kipande cha chaki kisichozidi jino:
juu, x mraba toa tisa;
chini, x mraba toa x toa sita.
"Rahisisheni."

Vazha, mwana wa haraka, akaruka ubaoni,
akaikata x mraba ya juu, akaikata ya chini,
akarudi kukaa kama aliyelipa deni.
Mwalimu hakugomba. Akanyoosha mkono wa sweta lake.
"Nikikata uzi mmoja hapa katikati, nitapata nini?"
"Tundu."
"Haya. Kilichofumwa kwa kujumlisha na kutoa
hakikatwi. Hufumuliwa."

Akafumua, taratibu, mabano kwa mabano:
juu, x toa tatu mara x jumlisha tatu;
chini, x toa tatu mara x jumlisha mbili.
Hapo ndipo akakata.
Pacha wa juu akaondoka na pacha wa chini,
ikabaki sehemu nyepesi, hata Vazha akacheka.

Mwezi ule mama yangu alikuwa Thesaloniki
akimwogesha bibi wa watu,
akituletea drakma ndani ya soksi, kwa mkono wa dereva wa basi.
Nyumbani tulikuwa tumerahisika:
baba juu, mimi chini,
kati yetu mstari.

"Bado," akasema mwalimu. "Andikeni pembeni:
x isiwe tatu."
"Lakini tatu tumeshaifuta! Nikiiweka hapa
napata sita kwa tano, safi kabisa."
"Rudi ulikoanzia, uiweke kule."
Nikarudi. Sifuri juu. Sifuri chini.
"Asili haikubali," akasema,
"na jibu jepesi halina ruhusa ya kusahau asili yake."
Kisha akachora mchoro, mkunjo mzuri usio na kigugumizi,
na penye tatu akaacha kiduara,
hakukijaza chaki.

Jioni baba akapanga sahani tatu,
mbichi bado kutoka kwenye beseni.
Akasita. Akairudisha moja kabatini
bila kunitazama.
Tukala maharage.
Pale ilipokuwa, juu ya meza,
palibaki duara la maji,
kavu katikati.